Baiskeli ya injini: Fanya hesabu kwanza, spana baadaye

Na Mwandishi Wetu

NI saa 11 alfajiri. Muuza maziwa amefunga madumu yake kwenye keria ya baiskeli, amekaza mpira, na ana kilomita 15 mbele yake kabla ya kufika mjini. Tambarare anapiga pedeli. Kilimani anashuka na kuisukuma. Jua likichomoza kabla hajafika, wasiwasi wake si uchovu tena, bali ni maziwa kuganda kabla hayajafika kwa mteja.

Hali hiyo wanaifahamu pia wauza samaki, wachuuzi wa mkaa, wanaopeleka nyanya gulioni na wanaokusanya mayai kijiji hadi kijiji. Baiskeli ndiyo mtaji wao, lakini miguu ina kikomo chake. Pikipiki ingemaliza tatizo, ila bei yake ni ya mbali. Hapo ndipo wengi hujiuliza: kwa nini nisichukue baiskeli hii kuukuu, nikaifunga injini ndogo?

Jibu ni kwamba inawezekana. Imefanyika sehemu nyingi duniani, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea, drili na spana anaweza kuifanya kwa siku chache. Lakini kuwezekana ni jambo moja na kulipa ni jambo jingine. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiunda, jinsi ya kuiendesha bila kuvunja shingo, na hesabu ya kufanya kabla hujatoa hata shilingi moja mfukoni.

Si jambo jipya

Mwaka 1946, Japani ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Usafiri ulikuwa wa shida na petroli ilipatikana kwa taabu. Katika mji wa Hamamatsu, fundi aitwaye Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa zikitumika kuzalisha umeme wa redio za mawasiliano. Akazifunga kwenye baiskeli za kawaida na kuziuza. Ziliponunuliwa zikaisha, akatengeneza injini yake mwenyewe mwaka 1947, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya Honda. Pikipiki nyingi tunazoziona barabarani leo zina ukoo na baiskeli zile.

Mwaka huohuo wa 1946, Ufaransa ilianza kuuza VéloSolex, baiskeli yenye injini juu ya gurudumu la mbele. Injini ile haikuwa na mnyororo. Ilizungusha kijiti cha duara kilichogusa tairi, na tairi likasukumwa kwa msuguano. Iliuzwa kwa mamilioni.

Mfano wa karibu zaidi na hali zetu ni wa Cuba. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, mafuta yaliadimika kisiwani humo na serikali ikaagiza zaidi ya baiskeli milioni moja kutoka China. Mafundi wa mitaani hawakukawia. Walizifunga injini za pampu za maji na za mashine za kupulizia dawa, wakaviita vyombo hivyo rikimbili. Vilisaidia familia nyingi, lakini kwa miaka mingi havikutambuliwa na sheria. Suala hilo la sheria tutalirudia, kwa sababu linatuhusu na sisi.

Kwa nini injini ndogo inatosha

Wengi hudhani kwamba baiskeli inahitaji injini kubwa. Hesabu inaonyesha vinginevyo.

Chukua mtu mwenye kilo 65, baiskeli ya kilo 22, mzigo wa kilo 50, na injini pamoja na vifaa vyake kilo 10. Jumla ni karibu kilo 150. Kupandisha uzito huo kwenye mlima unaoinuka mita tano katika kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa kwenye barabara ya vumbi, kunahitaji nguvu ya zaidi kidogo ya wati 400.

Mtu mwenye afya anayefanya kazi kwa saa nyingi hutoa wati 75 hivi. Ndiyo maana hushuka na kusukuma. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, na injini ndogo ya cc 49 ya mizunguko miwili hutoa nguvu ya farasi moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo injini ndogo iliyo nzima inatosha na kubaki, hata ukitoa nguvu inayopotea kwenye mnyororo na beringi. Anayekushauri ufunge injini kubwa ili "ipande vizuri" anakuongezea uzito, mtikisiko na hatari, si faida.

Chagua baiskeli

Baiskeli inayofaa ni ile ya mizigo tuliyoizoea, yenye fremu ya chuma na magurudumu ya inchi 28, kama Phoenix ya China au Hero ya India. Fremu zake ni nzito na chuma chake hukubali kuchomelewa. Baiskeli za kisasa za alumini, au zenye springi katikati, ziache.

Kabla ya yote ifungue baiskeli yote na uisafishe. Tazama maungio ya fremu, hasa pale bomba la mbele linapopokea foku, na pale bomba la kiti linapoungana na pedeli. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, au mahali palipowahi kuchomelewa, tafuta fremu nyingine. Ufa ambao miguu yako haijaukuza kwa miaka kumi, injini itaukuza kwa wiki.

Badilisha beringi za magurudumu, tia grisi mpya, kaza spoku zote na unyooshe ringi. Spoku za gurudumu la nyuma ziwe zile nene. Tairi na tyubu ziwe mpya. Hapa si mahali pa kubana matumizi, maana tairi likipasuka ukiwa kwenye mwendo wa injini si sawa na pancha ya mwendo wa pedeli.

Chagua injini

Injini zinazopatikana kwa urahisi ni za aina nne.

Ya kwanza ni injini iliyotengenezwa mahsusi kwa baiskeli, kutoka China, inayouzwa pamoja na tangi, sproketi, mnyororo, kabureta na klachi. Huwekwa katikati ya fremu. Hii ndiyo rahisi zaidi kufunga, kwa sababu gia zake za ndani zimekwishapunguza mizunguko.

Ya pili ni injini ya mashine ya kufyekea nyasi ya cc 43 hadi 52. Ni nyepesi, na ina klachi inayojishika yenyewe injini ikikimbia na kujiachia ikipunguza. Kasoro yake ni kwamba huzunguka haraka sana na hupiga kelele.

Ya tatu ni injini ya mashine ya kubeba mgongoni ya kupulizia dawa, kama zile zinazotumika kwenye mikorosho kule Mtwara na Lindi. Nayo ni nyepesi, lakini nyingi hazina klachi. Utalazimika kuitafutia.

Ya nne ni injini ya pampu ya maji au jenereta. Ile ya cc 160 ya mizunguko minne ina uzito wa kilo 15 hivi peke yake, na nguvu inayozidi uwezo wa breki na fremu ya baiskeli. Hatuishauri. Zile ndogo za pampu za inchi moja zinaweza kufaa.

Neno moja kwa mkulima: usivunje pampu inayofanya kazi ili upate injini ya baiskeli. Pampu inayomwagilia robo eka ya nyanya wakati wa kiangazi inakuingizia fedha ambazo baiskeli haitaingiza. Tumia injini ya pampu iliyopasuka upande wa maji, au ya mashine ambayo kifaa chake kingine kimekufa, ilimradi injini yenyewe ni nzima.

Kabla ya kununua injini kuukuu, vuta kamba yake taratibu. Ukisikia inakataa kisha inaachia, mgandamizo bado upo. Ikiteleza tu bila kukataa, pistoni na ringi zake zimekwisha. Fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, injini inakula mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, injini imekuwa ikiungua kwa joto.

Siri iko kwenye mizunguko

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Injini ndogo huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Gurudumu la baiskeli, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, halihitaji hata mara 200.

Hesabu ni hii. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea mita 2.2. Kilomita 25 kwa saa ni mita 417 kwa dakika. Gawanya kwa 2.2, unapata mizunguko 190. Kama injini yako hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye mizunguko 3,600, lazima uipunguze mara 19. Kama hupenda mizunguko 5,000, uipunguze mara 26.

Sproketi mbili peke yake haziwezi kazi hiyo. Fundi huweka shafti ya kati yenye beringi mbili. Kwa injini ya mizunguko 3,600, puli ya injini ikiwa na upana wa sentimita 5 na ya shafti sentimita 22, mkanda hupunguza mara 4.4. Kisha sproketi ya meno 10 kwenye shafti na ya meno 44 kwenye gurudumu hupunguza tena mara 4.4. Zidisha 4.4 kwa 4.4, unapata 19.4. Hapo baiskeli itakwenda kilomita 24 au 25 kwa saa, injini ikiwa haijasumbuka.

Ile injini ya China ya baiskeli hupunguza mara 4.1 ndani yake, na sproketi zake za meno 10 na 44 hupunguza mara 4.4. Jumla ni mara 18.

Njia rahisi kuliko zote ni ile ya VéloSolex. Kijiti cha chuma chenye upana wa sentimita 3, kikigusa tairi lenye upana wa sentimita 71, hupunguza mara 23 na zaidi kwa hatua moja, bila sproketi wala shafti ya kati. Injini hufungwa juu ya gurudumu la nyuma kwenye bamba lenye bawaba, na springi hukikandamiza kijiti kwenye tairi. Ukitaka kupiga pedeli unainua tu. Ubaya wake ni mawili: mvua ikinyesha kijiti huteleza, na tairi huliwa haraka. Kwa anayefanya biashara kiangazi kwenye barabara kavu, ni njia nzuri ya kuanzia. Kwa anayeishi kwenye udongo wa mfinyanzi na masika marefu, atumie mnyororo.

Kufunga injini

Upande wa kulia wa baiskeli una mnyororo wa pedeli. Uache kama ulivyo, pamoja na friwili yake. Injini itavuta kwa upande wa kushoto, kwa sproketi na mnyororo wake. Kwa njia hiyo injini ikikufia njiani, utafika nyumbani kwa miguu yako.

Sproketi ya nyuma huweza kubanwa kwenye spoku kwa vipande viwili vya mpira mgumu na bolti tisa, kama zile injini za China zinavyokuja. Inafanya kazi, lakini spoku hulegea na kukatika. Imara zaidi ni fundi wa mashine ya kukerezea akukatie sahani ya chuma inayokaa juu ya habu yenyewe, na sproketi ifungwe kwenye sahani hiyo kwa bolti. Vyovyote iwavyo, zungusha gurudumu na utazame: sproketi isicheze kulia na kushoto, wala isipande na kushuka.

Kisha funga uzi kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma na uhakikishe zimekaa kwenye mstari mmoja. Mnyororo uliopinda huruka, na ukiruka unaweza kuingia kwenye spoku na kulikaba gurudumu ghafla. Ajali ya namna hiyo haikupi nafasi ya kujitetea. Weka kinga ya bati juu ya mnyororo ili usishike suruali, kanga wala kamba ya mzigo.

Injini ikae chini na katikati, ndani ya pembetatu ya fremu, ikiwa inaingia. Ibanwe kwa bamba na bolti zenye nati za kujifunga, na kipande cha mpira wa tairi kuukuu katikati ili kupunguza mtikisiko. Usichomelee moja kwa moja kwenye bomba jembamba la fremu ikiwa unaweza kubana. Joto la kuchomelea hudhoofisha bomba. Na kamwe usifunge uzito wa injini kwenye foku ya mbele ya baiskeli ya mizigo.

Tangi lisiwe chupa ya soda. Tumia tangi la chuma la mashine ya zamani lenye kifuniko kinachobana na koki ya kufungia mafuta. Bomba la mafuta lipite mbali na eksozi. Waya wa mafuta uwe na springi inayorudi yenyewe ukiachia mkono, na kwenye usukani kuwe na swichi ya kuzima injini ambayo kidole gumba kinaifikia bila kuachia breki. Waya wa mafuta ukinasa mteremkoni, swichi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Breki ni maisha

Hapa tusitaniane. Breki za vyuma za baiskeli za mizigo zilitengenezwa kwa mwendo wa mtu anayepiga pedeli. Mwendo ukitoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ongeza mzigo wa kilo 50 na ringi iliyolowa, na utaelewa kwa nini fundi mzuri huanza na breki kabla ya injini.

Weka mpira mpya mbele na nyuma. Ringi zisiwe na kutu. Ukiweza, tafuta gurudumu la mbele lenye breki ya ndani ya habu kutoka kwenye pikipiki ndogo ya zamani, na fundi afunge mkono wake kwenye foku kwa uimara.

Kisha ijaribu kabla ya kuwasha injini. Pima mita 50 kwenye barabara tambarare. Ukizipita kwa sekunde tisa, mwendo wako ni kilomita 20 kwa saa. Ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kamata breki zote mbili. Usiposimama ndani ya mita saba, rudi kwa fundi. Rudia jaribio hilo ringi zikiwa zimemwagiwa maji.

Usivuke kilomita 25 kwa saa, yaani mita 100 kwa sekunde 14. Kofia ngumu ivaliwe kila safari, taa ya mbele na ya nyuma ziwepo, na kioo cha kuona nyuma, kwa sababu sauti ya injini itakuzuia kusikia lori linalokuja.

Mafuta na matunzo

Injini ya mizunguko miwili haina oili yake yenyewe. Huipata kwenye petroli. Kwa injini mpya au iliyobadilishwa pistoni, changanya mililita 50 za oili ya mizunguko miwili kwa kila lita moja ya petroli katika lita tano za kwanza, na usiikimbize. Baada ya hapo tumia mililita 40 kwa lita, au kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa injini yako. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa ni kipimo kizuri kuliko kukadiria kwa kifuniko. Ukisahau oili mara moja tu, pistoni itakwama na injini imekwisha. Injini ya mizunguko minne haichanganyiwi. Hukaguliwa oili yake kwa kijiti kila asubuhi.

Kila siku kabla ya kuondoka, kaza nati za injini, tazama mnyororo, bonyeza tairi na kamata breki. Dakika tano zinatosha. Mtikisiko hulegeza kila kitu, hata kile ulichokaza jana.

Hesabu ya mfukoni

Sasa turudi kwa muuza maziwa wetu. Kwa pedeli na mzigo, kilomita 15 humchukua saa moja na nusu. Kwa injini, dakika 40. Maziwa mabichi yanatakiwa kufika kwenye ubaridi au kuchemshwa ndani ya saa mbili au tatu tangu kukamuliwa, kwa hiyo dakika 50 alizookoa ni fedha, ilimradi azitumie.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu. Weka bei za kwenu. Tuseme injini, vifaa na fundi vimegharimu Sh350,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 30. Injini ndogo ya mizunguko miwili hutumia lita moja kwa kilomita 40 hivi, kwa hiyo anahitaji lita 0.75 kwa siku. Kwa Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh2,250. Oili ni Sh300. Aweke akiba ya Sh1,000 kila siku kwa tairi, mnyororo na plagi. Jumla ni Sh3,550 kwa siku, fedha ambazo zamani hakuwa anazitumia.

Kama faida yake ni Sh500 kwa lita ya maziwa, lazima auze lita nane za ziada kila siku ndipo aanze kuona tofauti. Akiongeza lita 10, anapata Sh5,000, anabakiwa na Sh1,450. Kwa siku 26 za kazi ni Sh37,700 kwa mwezi, na mtaji wake utarudi baada ya miezi tisa na zaidi. Akiongeza lita tano tu, anapata Sh2,500 na kupoteza Sh1,050 kila siku, huku akijiona ameendelea kwa sababu hasukumi tena mlimani.

Hilo ndilo somo kubwa. Injini haikuletei faida. Kinacholeta faida ni mzigo wa ziada, safari ya pili, au bidhaa iliyofika ikiwa bado nzima na kuuzwa kwa bei nzuri. Kama huna wateja wa lita hizo 10, tafuta wateja kwanza.

Lipo na jambo jingine ambalo wauzaji wa injini hawalisemi. Pikipiki ya kawaida ya cc 100 au 125 iliyo nzima hutumia lita moja kwa kilomita 45 hadi 60. Yaani baiskeli ya injini haikuokolei petroli ukilinganisha na pikipiki. Inakuokolea bei ya kununulia tu. Kwa mwenye safari ndefu za kila siku na mizigo mizito, kuweka akiba au kuungana na wenzake kwenye chama cha kuweka na kukopa ili wanunue pikipiki kunaweza kuwa busara zaidi. Baiskeli ya injini inamfaa mwenye safari za kati, mzigo usiozidi kilo 50, na ambaye tayari anayo baiskeli na injini nzima iliyokaa bure.

Kwa wenye umeme nyumbani, ipo pia mota ya umeme inayokaa ndani ya habu ya gurudumu. Betri ya volti 36 yenye uwezo wa ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360, na hizo zinatosha kilomita 25 hadi 35 kwa kusaidiana na pedeli. Haina kelele wala oili, na kuichaji ni nafuu kuliko petroli. Ghali ni betri, na ikichoka hununuliwa nyingine.

Sheria inasemaje

Baiskeli ikishafungwa injini, machoni pa sheria si baiskeli tena. Ni chombo cha moto. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai chombo cha moto kinachotumia barabara ya umma kiwe kimesajiliwa na dereva awe na leseni. Sheria ya bima nayo inadai bima ya kumlinda mtu mwingine utakayemgonga. Usajili hufanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na chombo kilichoundwa gereji si rahisi kukisajili.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, nenda kituo cha polisi cha usalama barabarani na ofisi ya TRA ya wilaya ukaulize. Usisubiri kukamatwa ukiwa na mzigo wa wateja. Ukigonga mtu ukiwa huna bima, shamba lako linaweza kuondoka. Ndani ya shamba lako mwenyewe uko huru zaidi, na wapo ambao chombo hiki kinawatosha kubebea mazao kutoka bondeni hadi nyumbani. Kubeba abiria kwa malipo usijaribu kabisa.

Kwa ushauri wa ufundi, ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) zipo mikoani, vyuo vya VETA vina karakana na walimu wa ufundi wa magari na uchomeleaji, na kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha kimekuwa kikishughulikia zana za vijijini tangu miaka ya 1980. Mpelekee mwalimu wa ufundi mchoro wako kabla hujakata chuma. Kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio.

Mwisho, chukua daftari. Upande mmoja andika gharama zote, pamoja na tairi, breki na kofia. Upande wa pili andika mzigo wa ziada utakaouza, kwa nani na kwa bei gani. Upande wa pili ukizidi kila siku, si siku ya gulio pekee, mwite fundi. Usipozidi, tia mnyororo wako grisi, jaza tairi upepo, na uendelee kupiga pedeli huku ukitafuta wateja. Miguu haihitaji petroli.